Asili haihitaji mlinzi wa getini

Wiki iliyopita mhariri wangu alinituma kuripoti kongamano la utamaduni. Walioandaa nawahifadhi jina, maana chai yao nilikunywa na sambusa zao nilikula. Mzungumzaji mkuu, mzee mwenye heshima zake, alisimama akasema muziki wa asili unauawa na kompyuta. Ukumbi mzima makofi. Nami nikayaandika maneno yake kwenye kijitabu changu, kisha pembeni nikaandika jina la mtu mmoja: Martyn Bennett.

Habari niliyopeleka gazetini ilikuwa na aya sita na jina hilo halikuwemo. Sawa, gazeti ni gazeti. Hapa kwangu mhariri ni mimi mwenyewe, kwa hiyo nivumilieni.

Bennett ni nani? Usijilaumu kama humjui. Alikuwa mpiga zumari la mfuko (lile la Waskoti linalobanwa kwapani), mpiga fidla, na mtunzi. Alizaliwa mwaka 1971 huko Newfoundland, Kanada, kwenye familia yenye damu ya Kiskoti, akahamia Uskoti akiwa mtoto. Mama yake, Margaret Bennett, ni mwimbaji wa nyimbo za Kigaeli na msomi wa mapokeo simulizi. Maana yake ni kwamba huyu kijana alikulia miguuni mwa wazee wanaoimba. Nyimbo zile alizipata nyumbani kabla hajazikuta kwenye kitabu chochote.

Zumari alianza kujifunza akiwa na miaka kama kumi hivi, katika mji mdogo wa Kingussie. Baadaye akaingia shule ya muziki ya jiji la Edinburgh, kisha chuo cha muziki cha Glasgow, akasomea fidla na piano kwa mtindo wa kina Mozart. Kwa hiyo mtu asije akaniambia alikuwa mhuni aliyeokota kompyuta kwa sababu ameshindwa kupiga ala. Alikuwa anaipiga asili vizuri kuliko wengi wanaoilinda.

Sasa tuje kwenye "dhambi" yake.

Miaka ya 1990 mwanzoni Edinburgh na Glasgow zilikuwa zimechanganyikiwa na muziki wa disko wa kompyuta. Bennett akaingia humo na zumari lake. Mwaka 1995 akatoa albamu yake ya kwanza, na mwaka 1997 akatoa *Bothy Culture*. Jina hilo la pili nalipenda kwa sababu lina hoja ndani yake. Bothy ni kibanda walimolala vibarua wa mashambani huko Uskoti. Jioni, wakishachoka na jembe, walikusanyika humo wakaimba, wakapiga ala na kuchekeshana. Vijana wenye jasho, chumba kidogo, muziki mpaka usiku mkubwa. Sasa niambie, kibanda hicho na disko la mjini vinatofautiana nini zaidi ya umeme?

Ndani ya albamu hiyo kuna wimbo uitwao "Hallaig". Humo unamsikia Sorley MacLean, mshairi mkubwa wa Kigaeli aliyefariki mwaka 1996, akisoma shairi lake mwenyewe huku muziki wa Bennett ukitembea chini yake. Kijana wa disko ambaye asingefungua kitabu cha mashairi maishani mwake alilisikia shairi la Kigaeli kutoka kinywani mwa mwenye shairi. Huko ndiko kuua utamaduni?

Walinzi wa getini walikunja uso, kama kawaida yao. Eti zumari lina heshima yake. Mimi nawauliza: fidla wanayoiita ya asili ya Uskoti imetoka wapi? Ilitengenezwa Italia karne ya 16, ikasafiri, ikafika Uskoti, wakaipokea na kuifanya yao. Siku ilipofika ilikuwa ngeni kama kompyuta ya Bennett. Kila kinachoitwa asili leo, jana kilikuwa kitu kipya mikononi mwa kijana fulani aliyesemwa vibaya.

Lakini hoja yangu kubwa iko kwenye albamu yake ya mwisho, *Grit*, ya mwaka 2003. Hapa naomba usome taratibu.

Mwaka 2000, kabla hajatimiza miaka 30, Bennett aligundulika kuwa na saratani ya limfu, ile inayoitwa Hodgkin. Matibabu yalimmaliza nguvu, akafika mahali hawezi tena kupiga ala zake kama zamani. Siku moja, kwa hasira na uchungu, alizivunjavunja. Hebu fikiria: fidla na mazumari aliyoishi navyo tangu utotoni, sakafuni, vipandevipande.

Akabaki na nini? Akabaki na kompyuta, na sauti za watu wengine.

Sauti hizo zina historia yake. Mwaka 1951 Chuo Kikuu cha Edinburgh kilianzisha idara ya kukusanya mapokeo ya Uskoti. Watu kama Hamish Henderson walibeba mashine za kurekodia, wakaenda visiwani, mashambani na kwenye mahema. Waliwakuta waimbaji wa ajabu kati ya Travellers, wahamaji wa Uskoti, watu waliozunguka wakitengeneza vyombo vya bati, wakivuna matunda, wakitafuta lulu mitoni. Watu waliofukuzwa kila walipopiga kambi. Mwaka 1953 Henderson alimkuta Jeannie Robertson huko Aberdeen, mama wa nyumbani ambaye leo anahesabiwa kati ya waimbaji wakubwa wa nchi ile. Nyimbo zote zile zikaingia kwenye kanda, na kanda zikaingia kabatini.

Bennett aliwafahamu watu hawa, hawakuwa majina ya kwenye lebo tu kwake. Wengine alikutana nao tangu mtoto, akifuatana na mama yake kwenye matamasha. Alipoishiwa mikono, aliwaendea wao. Katika "Blackbird" anaimba Lizzie Higgins, binti wa Jeannie Robertson. Katika "Move" anaimba Sheila Stewart wa Blairgowrie, na wimbo wenyewe, alioutunga Ewan MacColl, unahusu Travellers kuambiwa kila siku ondokeni hapa. Bennett aliuwekea sauti hiyo midundo mizito ya disko, na ukiisikiliza unapata hasira ambayo kanda ya kabatini haijawahi kumpa mtu yeyote.

Naomba nirudie hapo. Sauti ya mwanamke wa jamii iliyofukuzwa barabarani, ikitoka kwenye spika kubwa usiku wa manane, na vijana wa mjini wanaicheza na kuifuata neno kwa neno. Mzee wangu wa kongamano anataka kuniambia sauti ile ilikuwa salama zaidi kabatini?

Najua mtanijia na swali, na ni swali la haki: je, si wizi huo? Kuchukua sauti za maskini, kuzitia midundo, kuziuza?

Inaweza kuwa wizi. Mara nyingi ni wizi kweli, tuseme ukweli. Wako maprodyuza wanaonyofoa kipande cha ngoma ya bibi wa kijijini, hawajui anasema nini, hawajali anaitwa nani, wanaweka kwenye wimbo wa kukata viuno. Hao siwatetei hata kidogo. Bennett alikuwa tofauti: alijua maneno, alijua watu, na hakuwaficha nyuma ya jina lake. Leo mimi kijana wa Kiswahili nalijua jina la Lizzie Higgins kwa sababu ya albamu ya disko. Walinzi wa getini walikuwa na nusu karne ya kunifikishia jina hilo na hawakufanya hivyo.

Na kama tunatafuta wa kumlaumu kwa waliyotendewa Travellers, tusihangaike na mtu wa kompyuta. Ilifika Juni 2025 ndipo Waziri Kiongozi wa Uskoti, John Swinney, akaomba radhi rasmi kwa jamii hiyo kwa jinsi ilivyotendewa karne ya 20. Yaani nchi ilizihifadhi nyimbo zao kabla haijawaheshimu wao wenyewe. Utunzaji wa namna hiyo mimi unanitia shaka.

Sasa kuna jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. *Grit* ilitolewa na Real World, kampuni ya Peter Gabriel. Jina hilo mnalikumbuka? Ndiyo kampuni iliyotoa kazi za Hukwe Zawose, Mgogo wetu wa Dodoma, mwalimu wa Bagamoyo, mfalme wa ilimba na zeze. Mwaka 2002 Zawose alitoa kupitia kampuni hiyohiyo albamu iitwayo *Assembly*, pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada. Ilimba na mitambo ya umeme, sahani moja. Mzee wa Kigogo aliyeujua muziki wake mpaka kwenye mifupa hakuona haya kukaa na mashine. Alifariki Desemba 2003, miezi michache tu baada ya *Grit* kutoka. Basi wale wanaosema mchanganyiko ni ugonjwa wa vijana wasiojua kwao, wakamweleze Zawose.

Bennett mwenyewe alifariki Januari 30, 2005. Alikuwa na miaka 33. Tangu albamu ya kwanza mpaka kifo ni miaka kumi tu, na karibu nusu yake aliimalizia akiumwa.

Halafu ikaja ile tabia ya binadamu. Januari 2015, miaka kumi baada ya kifo chake, tamasha la Celtic Connections la Glasgow lilifunguliwa kwa *Grit* nzima kupigwa na okestra kubwa. Mpiga fidla Greg Lawson alikaa akasikiliza alichotengeneza Bennett kwenye kompyuta, akakigeuza kuwa noti za kuandikwa, akakusanya watu wa klasiki, wa asili na wa jazi wakaipiga kwa mikono. Okestra hiyo ikapewa jina la albamu yenyewe, na mwaka 2018 ikapiga muziki wa *Bothy Culture* kwenye ukumbi mkubwa wa Hydro, palepale Glasgow.

Mmeona mzunguko ulivyokwenda? Wimbo ulitoka kinywani ukaingia kwenye kanda. Kutoka kwenye kanda ukaingia kwenye kompyuta, na kutoka kwenye kompyuta ukarudi kwenye fidla na mazumari yaleyale. Kompyuta ilikuwa daraja tu. Lakini aliyelijenga hakuwepo ukumbini siku ya makofi.

Hilo ndilo linaloniuma, na ndiyo maana nimeandika. Huko makongamanoni tunalia kwamba vijana wameitupa asili. Akitokea kijana anayeijua na kuigusa, tunamwambia asiichafue. Akifa, tunamwita hazina ya taifa. Na sisi tunazo kanda za Redio Tanzania Dar es Salaam, za ngoma na bendi za miaka mingi. Kijana wa leo akitaka kuzifanyia kazi kwa heshima, akiwataja wenyewe kwa majina na kuwalipa wanaostahili, tutampa ufunguo au tutampa hotuba?

Mzee wangu wa kongamano, shikamoo. Kompyuta haijaua wimbo wowote. Nyimbo zinakufa pale asiyezijua anapoziiba, na zinakufa zaidi pale anayezijua anapozifungia. Mwizi tukimbizane naye. Lakini wewe, naomba utoke hapo getini, watu wapite.

Mnaobisha, karibuni. Ila kabla ya kubisha, tafuteni "Blackbird", zimeni taa, msikilize mpaka mwisho.