Hapana, sitakuandikia programu ya jakipoti

Mwezi huu nimeombwa mara tatu, mara mbili hapa Lodwar na mara moja Kakuma. Ombi ni lile lile: "Fundi, wewe si ni mtu wa kompyuta? Tutengenezee programu ya kutabiri jakipoti, tutagawana." Naliandika jibu langu hapa ili nisilirudie tena. Hapana. Na wala si uchoyo, ni hesabu.

Chukua jakipoti ya mechi 17. Kila mechi ina matokeo matatu: nyumbani, sare, ugenini. Zidisha 3 kwa 3 mpaka zitimie 17, unapata mikeka tofauti 129,140,163. Ukicheza mmoja kwa wiki kwa kubahatisha tu, utangoja kwa wastani miaka kama milioni 2.5. Yule kijana wa Nariokotome, ambaye mifupa yake ilichimbuliwa hapa kwetu Turkana mwaka 1984, aliishi miaka kama milioni 1.5 iliyopita. Angeanza kubeti siku zile, mpaka leo angekuwa anangoja.

"Lakini mimi mpira naujua!" Sawa, nakupa heshima yako. Tuseme unapatia nusu ya mechi zote. Nafasi yako inakuwa 1 kati ya 131,072. Kwa mkeka mmoja kila wiki, ni miaka 2,520. Ujuzi wako umesaidia sana, ila maisha yako hayatoshi.

Wapo watakaonitajia Stefan Mandel, mwanahesabu aliyeipiga bahati nasibu ya Virginia, Marekani, mwaka 1992. Ni kweli, alishinda. Lakini someni alivyoshinda. Mchezo ule ulikuwa wa kuchagua namba 6 kati ya 44, yaani tiketi tofauti 7,059,052 za dola moja moja, na zawadi ilikuwa kama dola milioni 27. Yeye na wenzake wakachanga pesa wakanunua tiketi kama milioni 5. Hakutabiri namba hata moja. Alinunua nafasi nyingi kwa bei iliyo chini ya zawadi. Sasa linganisha na kwetu: kwa shilingi 99 kwa mkeka, kuinunua mikeka yote ya jakipoti ni zaidi ya bilioni 12.7. Samuel Abisai, aliyevunja rekodi mwaka 2017, alipata milioni 221.

Kinachoniuma hasa ni wauza utabiri. Kakuma, kijana mmoja anayeishi kwa kuchaji simu za watu alinionyesha kundi analolilipa shilingi 300 kila wiki. "Wamepatia wiki tatu mfululizo, fundi. Hao wana programu."

Ndugu yangu, programu haihitajiki. Tafuta watu 729. Waambie 243 nyumbani, 243 sare, 243 ugenini. Matokeo yakitoka, achana na uliowakosea. Waliobaki 243 wagawe tena kwa tatu. Wiki ya tatu ikiisha una watu 27 ambao wameona kwa macho yao ukipatia mara tatu bila kukosea. Hao wataapa, na hao ndio watakaolipa. Kijana wangu ni mmoja wa hao 27. Wale wengine 702 hajawahi kukutana nao.

Hesabu kwenye kamari ipo kweli, tena nzuri. Ila inamfanyia kazi anayeuza. Na wewe mwenzangu unayejua kuandika programu, ukiuza "kitabiri" kwa watu wanaokopa ndipo wale, usijiite mbunifu. Unajua unachofanya.

Nitakachokuandikia bure ni hiki: kijiprogramu kinachosoma taarifa yako ya M-Pesa, ile unayoiomba kwa *334#, na kujumlisha ulichotuma kwenye kubeti na ulichorudishiwa. Mmoja wa wale wawili wa Lodwar alikubali tumjaribie. Miezi sita: ametoa 41,300, amepata 6,850. Alikaa kimya kidogo, akaniuliza kama naweza kuifuta kabla mkewe hajaiona.

Hiyo kwangu ndiyo programu ya jakipoti. Anayeitaka aje na simu yake.