Rumba Ilipata Uraia, Roki Bado

Nimechoka na neno "iliyopotea". Soma karibu chochote kilichoandikwa kwa Kiingereza kuhusu bendi ya Sunburst, neno hilo au ndugu yake litakupokea mlangoni: hazina iliyopotea, sauti iliyosahaulika, kito kilichofukuliwa vumbini. Ilipotea kwa nani? Radio Tanzania iliwarekodi mwaka 1973. Watu walilipa kiingilio wakacheza mpaka usiku wa manane. Kitu hakipotei kwa sababu tu maduka ya santuri ya London hayakuwa nacho.

Kwa asiyewajua: Sunburst ni bendi ya Dar es Salaam ya mwanzoni mwa miaka ya 1970. James Mpungo aliimba, Hembi Flory Kongo alipiga gitaa, Bashir Idi Farhan alishika besi. Walichanganya midundo ya nyumbani, rumba ya Zaire, soul na funk za Wamarekani weusi, na roki ya magitaa yanayonguruma. Santuri zao za kwanza zilitolewa Kenya, kisha wakahamia Zambia, na mwaka 1976 wakatoa albamu yao, Ave Africa. Miaka 40 baadaye, mwaka 2016, lebo ya Strut ya London ikakusanya kila kitu na kukitoa upya. Hapo ndipo uhakiki ulipoanza, kana kwamba bendi ilizaliwa siku hiyo.

Sina ugomvi na Strut. Bila wao nisingeisikia albamu nzima nikiwa Murubona, hapa Kasulu, na simu yenye bando la siku moja. Ugomvi wangu ni na lugha iliyokuja pamoja na muziki huo. Wahakiki waliiweka bendi kwenye makabati yao: afro-roki, funk, saikedelia. Neno Kitoto, ambalo bendi yenyewe ililichagua kuuita muziki wake, wakalitaja kama pambo, wakapita.

Sasa, msomaji yeyote aliyekulia karibu na mpenzi wa dansi anajua Kitoto ni nini hata kabla ya kusikia noti moja. Ni mtindo. Bendi ya Tanzania ilikuwa haijakamilika mpaka iwe na mtindo: NUTA Jazz na Msondo, Mlimani Park na Sikinde, Afro 70 ya Patrick Balisidya na Afrosa. Mtindo ni jina, ni namna ya kucheza, ni namna gitaa la solo linavyojibizana na rizimu pale wimbo unapofika kwenye chemko, na ni dai pia: sisi si wale. Watu walibishana juu ya mitindo hiyo baa, vijiweni na ndani ya mabasi, kwa hoja na kwa matusi. Ule ulikuwa uhakiki, tena mkali kuliko mwingi ninaousoma leo. Tatizo lake ni moja, haukuandikwa. Kwa hiyo mtu wa London alipotafuta maneno ya kuielezea Sunburst, hakuyakuta, akatumia aliyotoka nayo kwao. Siwezi kumlaumu sana. Nawalaumu zaidi wa nyumbani.

Nyumbani kuna sentensi moja inayomaliza kila mjadala: "huo si muziki wetu." Ina historia. Desemba 1962, alipokuwa akitangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana, Rais Nyerere alilalamika kwamba wengi wetu tumejifunza kucheza ngoma za wageni, lakini akauliza ni wangapi wanaoweza kucheza gombe sugu na mangala, au hata waliowahi kuzisikia. Katika orodha yake ya mambo ya kigeni roki ilikuwemo. Rumba nayo ilikuwemo, na chachacha. Hapo ndipo naomba tusimame kidogo.

Rumba ilisameheka. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi kikawa na bendi yake, NUTA Jazz. Polisi wakawa na yao, JKT wakawa na yao. Muziki uliopanda meli kutoka Kuba, ukapita Léopoldville, ukavuka Ziwa Tanganyika, ukafanywa mtumishi wa umma. Leo mzee akilia juu ya "muziki wetu halisi", mara nyingi analilia rumba. Naipenda rumba. Nasema tu kwamba ilipewa uraia, na karatasi zake hakuna anayeziuliza tena.

Muziki wa vijana uliokuja kwa meli nyingine haukuonewa huruma hiyo. Novemba 1969, muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa tayari unawawinda wenye sketi fupi na suruali za kubana katika Operesheni Vijana. Sunburst wanaanza katika hewa hiyo hiyo, na wanachanganya soul na roki waziwazi, kwa Kiswahili. Hilo lilihitaji moyo kuliko saikedelia yoyote ya California, ambako hatari ilikuwa kwenye kidonge.

Sentensi ile haijafa. Huku Kasulu magitaa ya umeme yanaishi kanisani. Katika kwaya niliyokuwa nikipiga besi, tulikuwa na mpiga solo wa miaka 17 aliyejifunza gitaa kwa Wakongo wa kambi ya Nyarugusu. Spika yetu ilikuwa imechanika karatasi. Wengine waliikwepa, yeye alipandisha sauti makusudi mpaka ile spika ikakoroma, akavuta noti moja ndefu juu ya pambio la Kiha. Nilisisimka mgongo mzima. Mzee mmoja wa kanisa akanyanyuka. "Kijana, punguza hiyo. Huo ni muziki wa wahuni, si wetu." "Sawa, mzee," akajibu, akarudi kwenye sebene. Na sebene, ambalo lilivuka ziwa juzi tu, likapokewa kwa vigelegele.

Kijana huyo hana neno la kujitetea. Akienda mtandaoni ataambiwa anachopiga ni saikedelia, neno lenye San Francisco ndani yake. Akibaki nyumbani ataambiwa ni uhuni. Hakuna aliyemwonyesha kwamba miaka 50 iliyopita bendi ya Kitanzania ilikoroma vilevile na ikaupa mkoromo huo jina la Kiswahili.

Siyo sisi tu. Bendi ya Sigur Rós ya Iceland ilipotoka na albamu ya Ágætis byrjun mwaka 1999, wahakiki wa nje walianza kusikia barafu na volkano, na hawajaacha. Lakini Waiceland hawafiki 400,000. Mkoa wa Kigoma peke yake ulihesabiwa zaidi ya milioni 2.4 mwaka 2022. Na bado wana magazeti yanayobishana juu ya bendi zao kwa lugha yao. Wa nje wakisema barafu, kuna mtu Reykjavík anayeweza kuwajibu. Kiswahili kina wachambuzi wanaoweza kuandika ukurasa mzima juu ya kiungo mmoja wa Simba au Yanga, alivyopokea mpira na mguu gani. Juu ya gitaa la Hembi Flory Kongo tuna neno moja, zilipendwa, ambalo tayari limeufanya muziki kuwa marehemu.

Basi naanza mimi. Ave Africa ni albamu nzuri yenye kasoro. Nyimbo za Kiswahili zimekaa, "Enzi za Utumwani" hasa; za Kiingereza zinaniacha nasikiliza kaulimbiu. Gitaa ndilo linalobeba kazi. Na rekodi za Radio Tanzania za 1973, pamoja na wembamba wake wa sauti, nazipenda kuliko albamu: bendi ina njaa, haijaanza kujieleza kwa wageni. Lazima yupo mzee Dar es Salaam aliyewaona jukwaani na ambaye ataniambia sijui ninachokisema. Naomba aniambie kwa maandishi, na asichelewe.