*KIBARUA WA GHALANI NAYE NI MFANYAKAZI*

Ndugu wanachama wa Masasi na Newala,

Kila msimu wa korosho kauli ni ileile: "Wewe kibarua, huna mkataba, huna haki." Ni uongo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haikutungwa kwa ajili ya wenye ofisi tu. Makubaliano ya mdomo ni mkataba. Kuandika masharti ya kazi ni wajibu wa mwajiri. Shauri likifika mbele na karatasi hiyo haipo, mwenye kuthibitisha ni yeye, si mbeba magunia.

Saa za kawaida ni 9 kwa siku, 45 kwa wiki. Zikizidi, malipo ni mara moja na nusu. Lori likija usiku vijana watapakia, lakini walipwe! Siyo soda na "asanteni".

Mnatuambia tunaharibu biashara. Bei ya mnada ilipopanda, nani aliongezewa ujira wa gunia? (Waajiri wanaolipa vizuri wapo, hatuna ugomvi nao.)

Aliyedhulumiwa malipo ana siku 60 kufika CMA. Aliyefukuzwa ana 30 tu, asisubiri msimu uishe. Njooni tawini na tarehe mlizopakia, tutawasindikiza.

*Uongozi wa Tawi*