Historia ya Shule Isiwe Nusu

Wapo wasemao kwamba historia ya shule ya Kanisa yafaa kuandikwa kwa sifa tupu: mwanzilishi, majengo, na wanafunzi waliopata vyeo. Sisi walimu twakataa, na sababu yetu ni shule ya Georgetown, shule ya Wajesuiti iliyo kongwe kuliko zote huko Marekani.

Mwanzilishi wake, John Carroll, alizaliwa Maryland mwaka 1735, siku ambazo sheria iliwakataza Wakatoliki kuwa na shule zao. Ikambidi kuvuka bahari akasome St. Omer, Ufaransa. Mwaka 1789 akaanzisha Georgetown, ili watoto wa nchi yake wapate nyumbani alichokifuata yeye ng'ambo. Habari hiyo husimuliwa kwa furaha, nayo ni kweli.

Lakini ni nusu. Wajesuiti wa Maryland walikuwa na mashamba, na waliolima ni watumwa weusi, wengi wao Wakristo waliobatizwa na mapadre hao hao. Shule na chuo vilikuwa nyumba moja wakati ule, na nyumba hiyo ikaelemewa na madeni. Mwaka 1838 Padre Thomas Mulledy, mkuu wa Wajesuiti wa Maryland, akawauza watu wale kwa matajiri wa Louisiana. Hati ya mauzo yataja watu 272, wazee kwa watoto, kwa bei ya dola 115,000. Sehemu ya fedha hizo ikalipa madeni ya chuo.

Twaambiwa, “Ndiyo iliyokuwa desturi ya wakati ule.” Basi mbona Jan Roothaan, mkuu wa Wajesuiti wote huko Roma, aliweka masharti kwamba jamaa wasitenganishwe, wasikose ibada, wala fedha zisilipe madeni? Hakuna awekaye masharti hayo kwa ajili ya magunia. Walijua kwamba ni watu, na masharti yakavunjwa. Mwaka uliofuata, Papa Gregori XVI akailaani biashara ya watumwa.

Twaambiwa tena kwamba kuyataja hayo ni kulivunjia Kanisa heshima. Wazee walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Mwaka 2017 Wajesuiti na Chuo Kikuu cha Georgetown waliomba radhi mbele ya wazao wa waliouzwa, na jengo la chuo lililokuwa na jina la Mulledy likapewa jina la Isaac Hawkins, mtu wa kwanza katika hati ile. Je, nani alipungukiwa heshima siku ile? Hakuna.

Basi, walimu wenzetu, mkiombwa kuandika kitabu cha jubilei ya shule yenu, mwandikeni mwanzilishi, maana astahili. Lakini waulizeni wazee nani alibeba mawe, nani alilima shamba, nani alipika, na kama walilipwa. Yaandikeni majina yao pia. Tunaowafundisha watoto wasiseme uongo, tusiwape kitabu kinachonyamazia kweli.