Redio, Simu na Watoto Wetu wa Sekondari

Ndugu wanachama,

Katika mazungumzo ya jioni, baada ya kazi, pamekuwapo hoja moja isiyokwisha baina yetu. Wenzetu wengine husema ya kwamba watoto wetu walio katika shule za sekondari wanaharibiwa na redio, televisheni na simu za mkononi, na ya kuwa dawa yake ni kuvifungia vitu hivi kabatini hata mtihani wa Kidato cha Nne upite. Wengine hujibu ya kwamba ulimwengu umekwenda mbele, na mzazi asiyemnunulia mwanawe simu amemfungia mlango wa elimu. Tumesikiliza pande zote mbili kwa adabu, na leo twaomba nafasi katika ukurasa huu tuseme ya kwamba, kwa maoni yetu, pande zote mbili zimekosea, tena zimekosea jambo lile lile. Zote zadhani kuwa chombo ndicho kifundishacho, au ndicho kipotoshacho. Walakini chombo hupeleka maneno tu. Afundishaye ni mtu aketiye pamoja na mwanafunzi, akamwuliza amefahamu nini, akamsahihisha alipokosea. Pasipo mtu huyo, kipindi kizuri hupotea hewani, na kipindi kibaya hukaa moyoni.

Jambo hili si geni kwa watu wa kalamu kama sisi. Mwaka 1922 Martin Kayamba na wenzake walianzisha huko Tanga chama cha watumishi wa Serikali Waafrika wa Tanganyika. Mwaka uliofuata, 1923, Idara ya Elimu ilianza kutoa gazeti la Mambo Leo huko Dar es Salaam. Wenzetu na waangalie vema: gazeti lile halikutolewa na wafanya biashara, bali na idara ile ile iliyosimamia shule. Siku zile waliojua kusoma walikuwa wachache, na gazeti moja aghalabu lilisomwa kwa sauti mbele ya watu wengi. Msomaji alisoma, wasikilizaji wakauliza, mwenye kujua akaeleza. Hivyo gazeti lilifundisha, si kwa nguvu ya wino wake, bali kwa sababu ya mazungumzo yaliyolizunguka.

Redio ikaja nyuma yake, ikaanza kusikika kutoka Dar es Salaam mwaka 1951. Na mfano ulio bora kupita yote ni ule wa mwaka 1973, kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Kwa muda wa majuma 12 watu wapatao milioni 2 wa Tanzania Bara walijifunza kwa redio habari za kujikinga na maradhi. Je, walijifunzaje? Hawakuachwa kila mtu na redio yake. Walikusanyika katika vikundi, kila kikundi kikiwa na kiongozi aliyefunzwa kazi yake, na kitabu cha kufuatia. Kipindi kilipokwisha, redio ilizimwa, watu wakajadiliana, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani yaliyozunguka nyumba. Ilikuwa elimu ya watu wazima, si ya sekondari. Lakini somo lake latufaa sisi sote. Redio ilikuwa mkono mmoja tu wa kazi ile. Mkono wa pili ulikuwa kiongozi na kikundi chake.

Sasa na tuutazame mwaka 2020, mwaka ambao ulitupima. Tarehe 17 Machi Serikali ya Tanzania ilitangaza kufungwa kwa shule kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Wanafunzi wa Kidato cha Sita walirudi darasani tarehe 1 Juni, na vidato vingine tarehe 29 Juni. Jirani zetu wa Kenya waliona taabu iliyo ndefu zaidi: shule zao zilifungwa mwezi ule ule wa Machi, wanafunzi wa Kidato cha Nne wakarudi tarehe 12 Oktoba, na vidato vingine vya sekondari vikangoja hata Januari 2021. Katika nchi zote mbili masomo yalipelekwa kwa redio na televisheni. Walioyatayarisha walifanya kazi njema kwa haraka, nasi hatuna neno la kuwalaumu.

Lakini je, masomo yale yalifikaje majumbani mwetu? Tuseme kweli, maana sisi ndio tulioyaona. Katika nyumba ya karani mkuu palikuwa na televisheni, simu, na baba aliyesoma hata Kidato cha Sita. Katika nyumba ya tarishi palikuwa na redio moja ndogo, na betri zake zikihifadhiwa kwa ajili ya habari za jioni. Mwenzetu mmoja alitusimulia ya kwamba mwanawe wa Kidato cha Pili alisikiliza somo la hesabu, akasikia mwalimu akisema, "Sasa tutazame pembetatu hii." Mtoto akaitazama redio. Hapakuwa na pembetatu. Tulicheka sote, naye mwenyewe akacheka, lakini alipomaliza kucheka alisema, "Nami nilikuwa nimeketi papo hapo, nisiweze kumchorea." Maneno hayo yametukaa. Na binti yake aliye mkubwa zaidi hakulisikia somo hata moja, kwa kuwa saa ya kipindi ilikuwa ndiyo saa ya kuteka maji na kuwasha moto.

Shule zilipofunguliwa, watoto hawa wote wawili, wa karani na wa tarishi, waliketi katika darasa moja na mwishoni wakaandikiwa mtihani mmoja. Hapa ndipo penye uzito wa jambo hili. Chombo cha habari hakisawazishi watoto kwa nafsi yake. Kikiachwa peke yake, humwongezea aliyenacho, na humwacha nyuma asiyenacho. Chama chetu kimeundwa na makarani na matarishi pamoja, wala hatupendi kuona watoto wetu wakitenganishwa na kitu tunachokiita maendeleo.

Upande wa madhara nao hatuufichi. Mwaka 2015 nchini Kenya karatasi za mtihani wa kumaliza sekondari zilivuja, na simu zikazieneza upesi. Matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 yakafutwa, na mwezi wa Machi 2016 Waziri wa Elimu, Fred Matiang'i, akaivunja bodi ya Baraza la Mitihani. Ni wepesi kusema, "Tazama uovu wa simu!" Lakini simu haikuiba karatasi. Watu wazima ndio walioziiba, na watu wazima wengine ndio waliolipa. Mtoto alijifunza somo siku ile, tena alilijifunza barabara: kwamba jibu hununuliwa. Hakulipata somo hilo kwa mashine, alilipata kwetu. Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Siku hizi ulimwengu hausubiri mtoto atoke nyumbani. Umo mfukoni mwake, naye hulala nao.

Kuna na jambo la lugha, ambalo wachache hulitaja. Katika shule za sekondari za Serikali Tanzania Bara masomo yaliyo mengi hufundishwa kwa Kiingereza. Lakini redio na magazeti yaliyo majumbani mwetu husema Kiswahili. Mtoto husikia katika redio habari za mvua za vuli, upepo wa baharini na joto la maji ya bahari. Kesho yake, katika somo la jiografia, hukutana na habari hizo hizo zimevaa nguo ya Kiingereza, asizitambue. Huandika maneno ya mwalimu daftarini kama mtu anakiliye barua ya ofisi asiyoifahamu. Mwalimu akisema neno moja tu, "Hili ndilo lile mlilolisikia jana katika redio," mlango hufunguka. Gazeti la Kiswahili likiletwa darasani si adui wa Kiingereza. Ni daraja la kukifikia. Lakini daraja halijengwi na redio wala na gazeti. Hujengwa na mwalimu, na nyumbani hujengwa na mzazi.

Basi twashauri nini? Hatutaki kupeleka malalamiko kwa wakubwa na kurudi kukaa. Tunayo manne yaliyo katika uwezo wetu.

Kwanza, jioni moja katika kila juma mahali petu pa kukutania pafunguliwe kwa watoto wa wanachama wote, bila kutazama cheo cha baba wala cha mama. Pawepo redio, magazeti na ubao mmoja wa kuandikia. Wanachama waliosoma hesabu, sayansi au Kiingereza wapeane zamu. Ubao huo ndipo pembetatu ile itakapochorwa.

Pili, saa za kikao hicho zipangwe baada ya kuwauliza akina mama na mabinti wenyewe, kisha nyumbani kazi igawanywe baina ya wavulana na wasichana. Kijana wa kiume aweza kuteka maji. Hatujasikia bado ya kwamba ndoo ilimkataa.

Tatu, kamati yetu iviandikie vituo vya utangazaji, kwa lugha ya heshima, kuomba mambo mawili: ratiba ya vipindi vya masomo itangazwe juma moja mbele, na kila kipindi kirudiwe usiku. Sisi ni watu wa barua. Hii si kazi ngumu kwetu.

Nne, na hili ni la kila mtu nyumbani mwake: simu isitumiwe na mtoto chumbani usiku wa manane, bali mezani, mbele ya macho ya watu. Na mtoto ajapo na habari, tusimkemee wala tusimsifu upesi. Tumwulize maswali matatu: Nani amesema? Amejuaje? Ni nani mwingine aliyeyathibitisha? Mtoto aliyezoezwa maswali hayo hatapotoshwa kwa wepesi, wala na redio, wala na gazeti, wala na sisi wenyewe.

Yamkini mtu atasema, "Mimi nimetoka kazini nimechoka, na mwalimu ndiye alipwaye kufundisha." Twajibu kwa upole ya kwamba ni kweli tumechoka. Lakini tukihesabu kwa haki, ni mara ngapi tumeketi na simu zetu wenyewe saa mbili za usiku, tukicheka peke yetu, na mtoto ameketi upande wa pili wa meza na kitabu asichokifahamu? Hatuandiki haya kama watu wasio na kosa. Tumeyaandika kwa kuwa tumejiona.

Ndugu zetu, tarishi yule aliyemtazama mwanawe akiitafuta pembetatu ndani ya redio hakuomba kununuliwa televisheni. Aliomba mtu wa kumchorea. Miongoni mwetu wapo wengi wanaoweza kuichora pembetatu hiyo kwa dakika moja. Mkutano ujao wa wanachama na uulizwe swali hili, na majina ya watakaojitolea yaandikwe papo hapo, kabla ya chai.

Wasalaam,

Sisi wanachama wenzenu.