MAMBO YETU TUSOMEE LONDON?



Mwaka 2004 serikali ya Kenya ilipokea ripoti ya wapelelezi wa kampuni ya Kroll juu ya mali ya nchi iliyodaiwa kuporwa na wakubwa wa utawala uliotangulia na kufichwa ng'ambo. Mali iliyotajwa ilizidi pauni 1,000,000,000. Ripoti ikalala kabatini. Mwaka 2007 ilifikia WikiLeaks, tovuti ya kufichua siri iliyoanzishwa 2006, na gazeti la Guardian la London likaitoa ukurasa wa kwanza. Serikali ikajibu kwamba ripoti haikukamilika. Basi mkulima wa Nyeri akapata habari za fedha zake kutoka Uingereza, zaidi ya miaka 40 baada ya bendera ya Mkoloni kushushwa!

Sisi twasema jambo hili ni fundisho, tena ni aibu.

Fundisho ni kwamba kazi ya gazeti imegeuka. Zamani mwandishi aliandika "twaarifiwa", nasi tukasadiki. Leo msomaji ataka kuiona karatasi yenyewe. Na karatasi ni nyingi mno kwa gazeti moja: mwaka 2016 nyaraka 11,500,000 za Panama zilichunguzwa na waandishi zaidi ya 300 wa nchi nyingi, wakanyamaza wote mpaka siku waliyoagana. Huo ndio umoja.

Lakini tusishangilie kila kitu. Mwaka 2011 WikiLeaks ilimwaga barua zaidi ya 250,000 za mabalozi wa Marekani bila kufuta majina ya watu waliozungumza nao kwa siri. Magazeti yaliyoshirikiana nayo yalikilaani kitendo hicho. Kumfichua mwizi ni haki. Kumfichua mnyonge ni khiana.

Na aibu je? Karani aliyeona wizi ajiuliza: nikilipelekea gazeti la nyumbani, jina langu halitamfikia mkubwa kabla jua halijachwa? Maadamu aogopa hivyo, ataendelea kutazama ng'ambo.

Kwa hiyo magazeti yetu, na hili likiwa la kwanza, hayana budi kuahidi mambo matatu: kutomtaja mleta habari, kuipima karatasi kabla ya kuichapa, na kuichapa hata ikimgusa mwenzetu wa chama. La tatu ndilo gumu, nalo ndilo kipimo chetu. Wanachama, tudaini hapa hapa.

Mficha maradhi, kifo humuumbua.