Mpaka wa Shule Umbane Nani?

Kila Januari, kwenye malango ya shule za msingi za umma za Likoni, Kisauni na Changamwe, Mombasa, wazazi hupiga foleni na bahasha mkononi: cheti cha kuzaliwa, barua ya uhamisho, ripoti ya muhula uliopita. Na kila Januari kilio ni kile kile. Madarasa yamefurika, madawati hayatoshi, mwalimu anafika muhula wa pili hajawajua watoto wake wote kwa majina. Katika uchungu huo ndipo utasikia wazo linalovutia sikio: kila shule iwekewe mpaka, ipokee watoto wa mitaa yake tu, na wanaotoka mbali warudi shule za kwao.

Wanaolitoa wazo hilo nawaelewa, hasa wazazi wa Likoni. Mtoto wa Timbwani au Mtongwe anayesoma kisiwani huamka gizani apate kuvuka feri, na akirudi jioni ameshachoka kabla hajafungua kitabu. Watu wa upande huo hawajasahau Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipozama na kuua watu 272. Anayetaka mwanawe asome karibu na nyumbani anadai haki. Lakini kumpa mtoto shule karibu ni jambo moja, na kumzuia asiende ya mbali ni jambo jingine. Wazo la mipaka linaahidi la kwanza, ila kwa hali ya bara ya Mombasa, yaani sehemu zote zilizo nje ya kisiwa, ilivyo leo litaleta la pili tu.

Tazama jinsi mji ulivyokaa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa. Kisauni ilikuwa na 291,930, Likoni 250,358, Changamwe 131,882. Mvita, yaani kisiwa chote pamoja na Mji wa Kale, Makupa, Tudor na Tononoka, ilikuwa na 154,171. Maana yake ni kwamba katika kila wakazi 100 wa Mombasa, 87 wanaishi bara. Hata hivyo shule nyingi kongwe na zenye jina, kama Allidina Visram iliyofunguliwa mwaka 1923, zilijengwa kisiwani, wakati ambapo kisiwa ndicho kilichokuwa mji. Watu wakafuata kodi nafuu ng'ambo, shule zikabaki pale pale. Ukichora mipaka leo juu ya ramani hiyo, utakuwa umemwambia mtoto wa Kisauni kwamba msongamano ndio fungu lake, na wa kisiwani kwamba nafasi ni mali yake.

Msongamano wenyewe haukuletwa na wazazi wanaozurura na watoto kutafuta shule bora. Uliletwa na maamuzi ya serikali, tena maamuzi mema. Mwaka 2003 serikali ya Mwai Kibaki ilifuta karo ya shule za msingi, na nchini kote wanafunzi wakapanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 ndani ya mwaka mmoja. Mwaka 2018 ikaamuliwa kila anayemaliza darasa la nane aingie sekondari. Januari 2023 Gredi ya 7 ya mtaala mpya ikaanza, na badala ya kupelekwa shule za upili, sekondari ya msingi ikawekwa ndani ya shule za msingi. Kufikia Januari 2025, Gredi ya 9 ilipoanza, ua uliojengewa madarasa manane ulikuwa na gredi tisa, na wale wa juu bado wanadai maabara.

Mara zote tatu mlango ulifunguliwa kwanza, chumba kikatafutwa baadaye. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unasema darasa la kawaida liwe na mita 7.2 kwa 5.85, na lisipokee zaidi ya wanafunzi 40 kwenye madawati ya watu wawili wawili. Hiyo ni kama mita moja ya mraba kwa kila mtoto. Ukiwaweka 80 humo, kila mmoja anabaki na nusu mita, na mwalimu hana njia ya kupita kati ya madawati kuangalia madaftari. Muhula wa kwanza ndio wakati wa joto la kaskazi. Chini ya paa la mabati, ikifika saa tano, hata mwalimu hodari anafundisha watoto wanaopigana na usingizi.

Mwalimu mkuu naye amebanwa. Serikali hutoa shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi na 15,042 kwa wa sekondari ya msingi. Fedha hufuata idadi ya vichwa, kwa hiyo akikataa watoto anapunguza mfuko wa shule, na akiwapokea wote anavunja mwongozo wa wizara yake mwenyewe. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamkataza kumbagua mtoto anayeomba nafasi, kwa msingi wowote ule. Katiba, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Mpaka wa mtaa hautamwondolea mzigo huo. Utampa tu sababu mpya ya kusema hapana.

Halafu kuna swali la ushahidi. Mpaka wa shule unataka anwani, na bara ya Mombasa imejaa watu wasio na anwani. Familia inapanga chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili huko Chaani, kodi ikipanda inahamia Mikindani, mwaka unaofuata iko Miritini. Mwenye nyumba mwenyewe pengine amejenga kwenye kiwanja kisicho na hati. Mtoto huyo tutasema ni wa shule gani? Itabidi mzazi apeleke barua ya chifu kuthibitisha makazi, na kila mwenye kujua maisha ya mitaani anajua barua ya namna hiyo hugharimu nini inapokuwa ndiyo ufunguo wa nafasi shuleni. Wenye uwezo wataipata. Mama wa chumba kimoja atarudi nyumbani na bahasha yake. Uingereza, ambako anwani zipo na shule nyingi huchagua wanafunzi kwa ukaribu wa makazi, bei za nyumba hupanda kando ya shule nzuri, na ukaribu unakuwa kitu cha kununuliwa.

Kenya yenyewe ilishaijaribu njia hii. Mwaka 1985 ulianzishwa mfumo wa mgao, asilimia 85 ya nafasi katika shule nyingi za sekondari zikahifadhiwa kwa wenyeji wa eneo. Palipokuwa na shule nyingi nzuri, wenyeji walifaidi. Pwani, ambako zilikuwa chache, mtoto alifungwa na uchache huo huo.

Kwa nini basi hatujengi? Hapa ndipo mazungumzo mengi huishia kwenye bajeti, nami naona yanaishia mapema mno. Kikwazo cha kwanza bara ni ardhi. Sheria ya hatimiliki ya 1908 iliwawezesha wachache kuandikisha mashamba makubwa katika ukanda wa pwani, na ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni. Wengi waliokuwa wakiilima wakaamka wakiwa maskwota. Likoni tunalo shamba la Waitiki, ekari 930, ambalo serikali ililinunua na kuanza kugawa hati Januari 2016, karibu miaka 20 baada ya watu kulikalia. Mtaa uliojengwa kabla ya kupimwa hauachi kiwanja cha shule. Kila kipande kina nyumba ya mtu. Changamwe nako ardhi imeliwa na bandari ya Kipevu, uwanja wa ndege, kilichokuwa kiwanda cha kusafishia mafuta na yadi za makasha. Mtoto wa huko anatembea kwenda shule akishindana na malori barabarani.

Pasipo na ardhi ya kutanua, njia iliyobaki ni kujenga kwenda juu. Zanzibar, ambako kwa miaka mingi watoto walisoma kwa zamu, wengine asubuhi na wengine mchana, katika miaka ya karibuni imejenga shule za ghorofa Unguja na Pemba ili kuziondoa zamu hizo. Sisi tunaendelea kujenga vyumba viwili viwili vya chini katika uwanja wa michezo, na kila uzinduzi unamega mahali pa watoto kukimbilia.

Vyumba hivyo hulipiwa zaidi na fedha za mfuko wa maendeleo wa maeneobunge, NG-CDF, nazo huishia kwenye mpaka wa eneobunge. Watoto hawaishii hapo. Nyali ilimegwa kutoka Kisauni na Jomvu kutoka Changamwe kwa uchaguzi wa 2013, lakini mtoto wa Mlaleo bado anaweza kusoma Kongowea, na wa Shika Adabu anaweza kuvuka hadi Ng'ombeni, kaunti nyingine kabisa. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya mfuko huo inakiuka Katiba. Vyovyote mfuko utakavyoishia, ujenzi wa shule za bara unahitaji mtu mmoja anayeitazama Mombasa nzima. Kaunti imepewa chekechea, serikali kuu ina msingi na sekondari, mbunge ana matofali.

Kama ni lazima tuwe na mpaka, uibane serikali. Kila mtaa uwe na shule ya umma ambayo mtoto mdogo anaweza kuifikia kwa miguu bila kuvuka barabara kuu wala bahari, na nafasi yake humo idhaminiwe; mzazi anayetaka kwenda kwingine asizuiwe. Shule ikijaa, isimfukuze mtoto kwa mdomo mtupu langoni. Imwandikie jina la shule jirani ambayo imethibitisha kuwa ina kiti.

Hilo halihitaji sheria mpya. Sheria ya 2013 iliunda bodi ya elimu katika kila kaunti, na kazi ya kufuatilia mambo haya ni yake. Wanafunzi walianza kuandikishwa mmoja mmoja katika mfumo wa takwimu za elimu wa NEMIS mwaka 2017, kwa hiyo idadi ya kila gredi katika kila shule inajulikana ofisini. Kinachokosekana ni kuiweka hadharani. Bodi ya Mombasa itoe orodha hiyo kila Novemba: shule, gredi, idadi ya wanafunzi, idadi ya madarasa, nafasi zilizobaki. Na izijumuishe shule ndogo za binafsi za mitaani, ambazo zinabeba watoto wengi waliokosa nafasi na ambazo mipango ya serikali huzisahau. Orodha ibandikwe kwenye malango ya shule na kwa machifu kabla ya likizo ya Desemba, ili mzazi wa Bofu au Junda ajue mapema pa kwenda, na mbunge na gavana waulizwe kwa tarakimu ni ghorofa ya shule gani inayoanza kwanza.